MSAFARA: maana ya neno na jinsi tunavyolitumia

Msafara (wengi: misafara). Kwetu mashariki mwa Kongo wengi hutamka musafara, na si kosa. Ndivyo ulimi wetu ulivyo. Ni watu wengi, peke yao au pamoja na wanyama, mizigo au magari, wanaokwenda njia moja kwa wakati mmoja. Twasema msafara wa arusi, msafara wa mazishi, msafara wa gavana, msafara wa malori. Na tangu vita virudi katika vijiji vyetu, twasema pia msafara wa wakimbizi.

Tunalieleza neno hili kwa sababu linasikika karibu kila Jumapili katika matangazo ya kanisani, na pia katika maombi. Ni neno zuri, lakini lina tabia yake, na asiyeijua tabia hiyo anaweza kuumiza watu bila kutaka.

Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa safari, kusafiri na msafiri. Tazameni lakini tofauti iliyopo kati ya ndugu hawa wawili, msafiri na msafara. Msafiri akifika, tunasema amefika. Msafara ukifika, tunasema umefika. Msafiri anahesabiwa pamoja na mtoto, mgeni na mchungaji, katika ngeli ya watu. Msafara unahesabiwa pamoja na mti, mto na mzigo. Ndani yake wamo watu mia tatu, kila mmoja na jina lake na njaa yake, lakini mara tunapowaita msafara, sarufi yenyewe inawaondoa katika ngeli ya watu na kuwafanya kitu kimoja kinachosonga. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lugha nyingi zina maneno ya namna hii, na bila hayo tusingeweza kusema habari kwa ufupi.

Maneno ya jirani

Umati ni watu wengi walio mahali pamoja. Si lazima waende popote. Mlolongo ni mstari wa vitu au watu wanaofuatana, kama magari yanayongoja kwenye kizuizi, na walio katika mlolongo huenda hawajuani wala hawana shauri moja. Maandamano yana kusudi la kuonyesha jambo mbele ya watu. Konvoi tumelipata kutoka Kifaransa, na kwa masikio ya watu wa Beni na Ituri linamaanisha kwanza magari yanayosindikizwa na askari barabarani.

Kundi ni neno lenye mashaka kwetu. Katika mahubiri, kundi ni kondoo wa Bwana, na mchungaji ana kundi lake. Katika redio, makundi ni watu wenye silaha porini. Mtoto anayesikia yote mawili siku moja hana budi kushangaa. Wimbi na mafuriko ni maneno ya watangazaji wa habari: wimbi la wakimbizi, mafuriko ya watu. Mimi siyapendi hata kidogo. Wimbi hujengewa ukuta, na mafuriko ni ya kukimbiwa; lakini mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani si maji.

Msafara una jambo ambalo maneno hayo mengine hayana: una mbele na nyuma. Yuko anayeujua njia, na wako wanaomfuata. Kwa hiyo neno hili lilipozaliwa lilibeba mpango na uangalizi ndani yake.

Neno lilivyofika kwetu

Kiswahili chenyewe kilifika kwetu kwa msafara. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Bagamoyo na sehemu nyingine za pwani, ikapita Tabora, ikavuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikaingia Manyema hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Hamed bin Muhammed, ambaye wazee wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makao Kasongo, na mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani, chini ya serikali ya mfalme Leopold II. Watu huru wa misafara hiyo waliitwa waungwana, na kutoka kwao Kiswahili chetu kilipata jina la Kingwana.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mtu aliyejua njia, maji na vijiji. Nyuma yake walikuja wapagazi. Walipotoka pwani walibeba nguo, ushanga na waya wa shaba. Waliporudi walibeba pembe. Walikuwapo wenye bunduki. Na katika misafara mingi walikuwapo mateka, wamefungwa minyororo au miti shingoni. Aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani, au aliuawa. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa misafara wakipiga bunduki katikati ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi na kwa kuzama mtoni.

Twakumbusha haya kwa sababu tajiri mwenye pembe na msichana aliyefungwa shingo walikuwa katika msafara mmoja. Aliyesimama kando ya njia na kusema "msafara unapita" alisema kweli, lakini hakuwa amesema bado ni nani anakwenda kwa hiari yake na ni nani anapelekwa.

Hata Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi bado wanaishika mikononi, inatumia neno hili mahali pa namna hiyo. Katika Mwanzo 37 ndugu za Yusufu wameketi kula chakula, wanainua macho na kuona msafara wa Waishmaeli wakitoka Gileadi, na ngamia waliobeba manukato, wakishukia Misri. Dakika chache baadaye Yusufu anauzwa kwa vipande ishirini vya fedha. Kwa mtu aliyekuwa amesimama njiani huko Dothani, msafara haukubadilika: ngamia ni wale wale, mizigo ni ile ile. Wazee wa Manyema hawakuhitaji mhubiri wa kuwaeleza sura hiyo.

Msafara wa Nazareti

Mahali pa pili ni Luka 2, na hapa tungependa kukaa kidogo.

Yesu ana miaka kumi na miwili. Wamekwenda Yerusalemu kwa Pasaka, na sikukuu imekwisha. Watu wa Galilaya wanarudi pamoja, jamaa na majirani, kama ilivyo salama zaidi njiani. Yosefu na Mariamu wanatembea siku nzima. Hawana wasiwasi, kwa maana wanadhani mtoto yumo katika msafara. Jioni wanaanza kumtafuta kwa jamaa na kwa wanaowajua, na hayumo. Wanarudi Yerusalemu, na baada ya siku tatu wanamwona hekaluni.

Katika mahubiri tunakimbilia hekaluni, kwa walimu na majibu ya mtoto. Ni haki, kwa sababu Luka anatupeleka huko. Lakini mzazi yeyote wa Goma, wa Sake au wa Rutshuru anaposikia sura hiyo anabaki kwenye mwendo wa ile siku moja. Huo msafara haukuwa wa watu wabaya. Ulikuwa wa watu wao wenyewe, wenye kumpenda mtoto. Ndiyo sababu hakuna aliyemwuliza mwenzake. Kila mmoja aliwaza: yuko na wale wa mbele, au yuko na wale wa nyuma. Msafara mwema ulitosha kumpoteza mtoto kwa siku nzima bila mtu kujua.

Neno la Kigiriki analotumia Luka hapo ni synodia. Limejengwa kwa maneno mawili, "pamoja" na "njia": wale wanaoshika njia pamoja. Ni ndugu wa karibu wa neno synodos, ambalo kwalo tumepata sinodi, mkutano wa viongozi wa makanisa yetu. Kwa hiyo wazee wanapokwenda sinodi, kwa asili ya neno wanakwenda katika msafara. Mtu anaweza kucheka, na aliyewahi kungoja basi la kwenda sinodi anajua kwamba ni kweli kuliko anavyotaka.

Aliyebaki nyuma

Torati inajua vizuri msafara ulivyo. Hesabu 10 inaeleza jinsi Israeli walivyoondoka Sinai: tarumbeta mbili za fedha za kutoa ishara, Yuda mbele, makabila mengine kwa zamu, na Dani nyuma kabisa, walinzi wa marago yote. Kwa nini kabila zima liwekwe nyuma? Kumbukumbu la Torati 25 inajibu kwa njia nyingine inapotaja alichofanya Amaleki: aliwapiga wale waliodhoofika nyuma, wakati watu walipokuwa wamechoka. Adui hakuja mbele kwa wenye nguvu.

Naye Yakobo, katika Mwanzo 33, anakataa kwenda kwa mwendo wa Esau na watu wake mia nne. Anasema atakwenda polepole, kwa kadiri ya wanyama walio mbele yake na ya watoto. Hayo ni maneno ya mtu aliyejua kwamba mwendo wa msafara hupimwa kwa miguu ya mdogo wao. Wapagazi wetu wa zamani hawakupewa nafasi hiyo, na wanaokimbia mabomu hawaipati.

Mwezi wa Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma kwa siku chache. Walio na umri leo wanakumbuka barabara iliyofunikwa, kisha Kibumba, Katale na Mugunga, kisha kipindupindu kilichoua maelfu kwa maelfu. Wanakumbuka pia watoto wadogo waliokutwa wameketi kando ya njia, ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Tarehe 22 Mei 2021 usiku Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa mingi ya Goma ihame, na watu wakamiminika kuelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao katika siku hizo. Wengi walirudishwa. Ukiwauliza wazazi ilikuwaje, utasikia jibu la Mariamu karibu neno kwa neno: nilifikiri yuko na wengine.

Mamba na kenge

Methali moja inafuata neno hili kila mahali: kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Walioko Uvira na Baraka wanawajua wanyama hao wote wawili. Sisi wa Kivu, ambao ziwa letu halina mamba, tumeikopa methali kama tulivyokopa lugha. Maana yake ni kwamba mkiwa wengi, hamkosi asiye wa aina yenu anayejipitisha kati yenu.

Katika mazungumzo ya kawaida methali hii ni ya kuchekesha. Juu ya watu waliokimbia si ya kuchekesha tena. Ni kweli kwamba mwaka 1994 wauaji wenye silaha waliingia pamoja na akina mama na watoto, na kambi zikalipa gharama yake. Hakuna anayeweza kuwaambia watu wa mashariki wasahau. Lakini tangu hapo tumesikia methali hii ikisemwa mlangoni mwa shule na mwa makanisa, juu ya watu waliotembea siku tatu, ili wasifunguliwe. Angalieni methali yenyewe inavyosema: wengi ni mamba, kenge ni wachache. Anayeitumia kuwafukuza wote ameigeuza. Anayetaka kumjua kenge hana njia nyingine ila kuwajua watu mmoja mmoja, na msafara ukibaki msafara, kenge ndiye anayefaidika.

Makutano

Tulisema kwamba msafara hauhesabiwi katika ngeli ya watu. Iko Biblia yetu ilipofanya kinyume, nasi tunaisoma kila mwaka bila kutambua.

Neno makutano, kwa sarufi ya kawaida, lingeshika ya-: makutano yamekuja, niliyaona makutano. Lakini fungueni Mathayo 5:1, au Mathayo 9:36, katika tafsiri ya 1952. Yesu hayaoni makutano. Anawaona. Kisha anawahurumia, kwa kuwa wamechoka na kutawanyika. Watafsiri waliweka silabi ya watu juu ya neno lisilo la watu, na mwalimu mkali wa sarufi angeweza kuweka alama nyekundu pale. Sijui kosa jingine la sarufi ninalolipenda hivi, ikiwa ni kosa.

Je, tunaweza kufanya vivyo hivyo na msafara? Kusema "msafara wamefika" kutasikika vibaya, na hatushauri. Lakini hakuna sheria inayokataza kusema: watu wa msafara wamefika, familia arobaini zimefika, wenzetu wa kijiji fulani wamefika. Tena tumeona jambo moja kwa miaka hii yote. Wanaokimbia wenyewe hawajiiti msafara. Wanasema tulikimbia, tulilala njiani, tulifika. Msafara ni neno la aliyesimama kando.

Hilo nilifundishwa Jumapili moja, mimi mwenyewe nikiwa mbele na karatasi ya matangazo. Nilisoma kwamba msafara mwingine umefika usiku, umewekwa katika madarasa ya shule, na kila nyumba ilete unga na sombe kabla ya saa nane. Sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyesoma tangazo la namna hiyo mara nyingi. Mama mmoja alisimama katika benchi la nyuma. Nguo zake zilikuwa bado na vumbi ya njia.

"Baba Pasta," alisema, "miye siko musafara. Niko na batoto bane. Babili habayafika."

Hakuna aliyeimba wala kuita amina. Mama mmoja wa komite ya wamama alitoa kaye ya mjukuu wake mfukoni, akararua kurasa za hesabu zilizokwisha kuandikwa, akaenda kuketi karibu naye. Ibada iliendelea. Tulipotoka nje, mstari wa watu waliongoja kuandikwa ulifika hadi kwenye tangi ya maji. Aliandika jina la mkubwa wa nyumba, kijiji, walio hapa, wasioonekana, na mahali walipoonekana mara ya mwisho. Hiyo safu ya mwisho ndiyo iliyosaidia kuliko zote, kwa sababu watu waliokimbia njia moja walianza kukumbushana: huyo mwenye shati la manjano tulimwona kwenye daraja, alikuwa na mzee fulani.

Tangu siku hiyo kaye hukaa katika kabati la paruasi, na mitaa miwili ya jirani ina zao. Majina ya watoto hatuyaweki kwenye simu wala hatutumi picha zao katika vikundi, kwa maana wako wanaotafuta watoto kwa nia mbaya. Viongozi hukutana na kulinganisha kaye uso kwa uso, na majina hupelekwa kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kuunganisha jamaa waliopotezana. Mtu anayekuja kumdai mtoto huulizwa maswali mbele ya wazee wawili, hata kama analia.

Mtoto mmoja wa yule mama alikuwa katika kaye ya mtaa wa pili, ameandikwa kwa jina la kijiji chake na jina la utani tu. Alimfuata Jumatano. Jina la wa pili bado liko kwenye ukurasa wa kwanza, na yule mama wa komite hulisoma kila Jumapili baada ya sadaka, kwanza kabla ya mengine.